1KZ-TE: Injini ya Prado inayouawa na joto kuliko umri

Na Mwandishi Wetu

INJINI ya dizeli yenye turbo aina ya 1KZ-TE, iliyobuniwa na kampuni ya Toyota ya Japani, ni miongoni mwa injini zilizojenga jina la Land Cruiser Prado na Hilux Surf katika barabara za Tanzania na Kenya.

Ilianza kufungwa kwenye magari hayo mwaka 1993. Mwaka 2000 Prado ilianza kupewa mrithi wake, 1KD-FTV, ingawa 1KZ-TE iliendelea kutumika katika Hilux kwenye baadhi ya nchi hadi katikati ya miaka ya 2000.

Kwa hiyo anayeinunua leo ananunua mashine ambayo kwa kawaida imekwisha kutumika kwa zaidi ya miaka 20. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, swali kubwa kuliko kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi ni iwapo injini hiyo imewahi kuchemsha.

Jina lake lina maana. Tarakimu 1 huonyesha kuwa ni injini ya kwanza katika ukoo wa KZ, herufi T humaanisha turbo na E humaanisha kuwa unyunyizaji wa mafuta husimamiwa kwa umeme.

Ni injini ya silinda 4 zilizopangwa kwa mstari, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,982. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 96, na pistoni husafiri milimita 103. Ina valvu 8 na kemshafti moja juu ya silinda hedi.

Toleo la awali kwa soko la Japani lilitoa nguvu ya farasi 130 kwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Nguvu yake ya msokoto, inayokaribia niutoni mita 290, hupatikana mapema, kwenye mizunguko 2,000. Matoleo ya baadaye yaliongezewa kipoza hewa cha turbo, na nguvu ikafikia farasi wapatao 140.

Dereva huiona faida ya tarakimu hizo anapopanda mlima akiwa na abiria na mizigo. Gari huvuta bila kulazimika kuunguruma, kwa kuwa turbo, inayozungushwa na moshi unaotoka, husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda.

Sehemu ya chini ya injini hii ni imara mno. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na ikipata oili safi kwa wakati huweza kwenda mamia ya maelfu ya kilomita bila kufunguliwa.

Udhaifu wake uko juu. Silinda hedi ni ya alumini, na ndani yake mna vyumba vidogo ambamo dizeli huanza kuwaka kabla ya moto kuingia kwenye silinda. Muundo huo hulimbikiza joto kubwa ndani ya hedi.

Alumini hutanuka kuliko chuma. Maji yakipungua au mzunguko wake ukizuilika, hedi hutanuka kupita kiasi huku bloku iliyo chini yake ikitanuka kidogo. Matokeo yake ni hedi kupinda, gasketi kuungua au ufa kutokea, hasa kati ya valvu.

Hapo gharama huwa nzito. Hedi yenye ufa kwa kawaida hubadilishwa, na bei yake pamoja na gasketi, boliti na malipo ya fundi inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari la umri huo. Wengine huamua kununua injini nzima iliyotumika, ambayo nayo historia yake haijulikani.

Mara nyingi chanzo cha maafa hayo ni kitu cha bei ndogo: rejeta iliyoziba kwa kutu, mfuniko wa rejeta uliolegea, mpira uliopasuka au feni ambayo kilainishi chake kimekwisha na haishiki tena inavyotakiwa.

Kuna pia mazoea ya kutia maji ya bomba kila yanapopungua. Maji hayo huleta kutu na magadi yanayoziba njia nyembamba za rejeta. Kinachotakiwa ni kulanti, nayo ibadilishwe kwa wakati. Vilevile, kuondoa thamostati si tiba ya kuchemsha. Injini isiyofikia joto lake huchoma dizeli vibaya na kuchakaa upesi.

Dereva asingoje mshale wa joto ufike kwenye alama nyekundu. Ukianza tu kupita mahali ulipozoea kukaa, wakati wa kupanda Kitonga au katika foleni ya Dar es Salaam, asimame mahali salama na asifungue mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe.

Jambo la pili ni mkanda wa taiming. Magari ya soko la Japani yana taa ya T-BELT inayowaka kwenye kilomita 100,000. Mkanda ukikatika, valvu hugongwa na pistoni. Kuzimika kwa taa hiyo si ushahidi kwamba mkanda umebadilishwa, kwani taa inaweza kurudishwa nyuma bila kazi kufanyika.

La tatu ni mafuta. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa humo huiharibu. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukabili uchakachuaji, lakini mwenye gari bado ana wajibu wa kubadilisha filta na kumwaga maji yanayokusanyika chini yake.

Oili nayo ibadilishwe kila kilomita 5,000, kwa sababu ndiyo inayolainisha na kupoza turbo. Baada ya safari ndefu, injini iachwe ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa.

Anayetaka kununua afike asubuhi na aombe gari lisiwashwe kabla. Afungue rejeta ikiwa baridi na kutazama kama kuna oili au matope ya kutu. Kisha injini iwashwe: mapovu yasiyokoma katika rejeta ni dalili ya gasketi au hedi mbovu.

Moshi nao husema. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto huashiria maji yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito ni dizeli iliyozidi, nozeli chakavu au filta ya hewa iliyoziba.

Muuzaji akikataa ukaguzi huo, ni heri mnunuzi aondoke na fedha zake. Na akilipata gari lililo salama, fedha za kwanza azielekeze kwenye rejeta, mipira, feni na kulanti kabla ya kufikiria rimu mpya au redio.