Neno mkopo: kutoka Normandy hadi Gitting

Gitting, chini ya Mlima Hanang, baridi ya usiku si ya kuchezea. Anayechagua blanketi dukani hajali kama ni jekundu au la buluu, ilimradi ni zito. Kumbe jina lenyewe lina rangi ndani yake: linatokana na blanc, yaani nyeupe kwa Kifaransa, kwani hapo kale lilikuwa kitambaa cha sufu kisichotiwa rangi. Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, walilipeleka Uingereza, Waingereza wakatuletea.

Wanaisimu huliita neno la aina hiyo neno mkopo. Istilahi imekubalika, ingawa mkopo wenyewe haudaiwi na mtu. Kulilainisha neno hadi limkae mkopaji ulimini ndiko kutohoa, na utamu uko hapo. Chukua risiti. Waingereza huandika receipt, wakiweka p wasiyoitamka. Waandishi wao waliichomeka baadaye ili neno lifanane na Kilatini. Kiswahili kiliokota kwa sikio, p ikabaki huko huko. Ndiyo maana risiti ya muuza duka wa Gitting inakaribiana zaidi na receite ya Wanormani kuliko tahajia ya Waingereza wenyewe.

Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa chao kikatawala mahakamani hadi sheria ya 1362 ilipoagiza kesi ziendeshwe kwa Kiingereza. Maneno hayakuondoka. Ng'ombe akiwa zizini alibaki ox. Nyama yake mezani ikawa beef, kutoka Kifaransa. Neno geni halikulifukuza la zamani, yaligawana kazi.

Kiswahili kimefanya vivyo hivyo. Hakimu ametoka Kiarabu. Jaji ametoka Kiingereza, kilichompata kwa Wafaransa. Nchini Tanzania hakimu husikiliza kesi katika mahakama ya mwanzo na ya wilaya, jaji yuko Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Mtu wa Hanang anayekata rufaa (neno la Kiarabu hilo nalo) hadi Mahakama Kuu anapanda ngazi kutoka Kiarabu kwenda Kifaransa bila kujua.

Utafiti mkubwa wa maneno mkopo uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha lugha 41, zikiwemo Kiingereza, Kiswahili na Kiiraqw, lugha ya wengi wa Mbulu na Hanang. Sura ya Kiiraqw iliandikwa na Maarten Mous na Martha Qorro. Katika msamiati uliopimwa, Kiingereza ndicho kilichokopa zaidi kati ya hizo tatu, Kiswahili kikafuata, Kiiraqw kikawa cha mwisho.

Hata kwa Kiiraqw, neno halipokelewi hivi hivi. Nomino zake zina jinsia tatu, na neno linaloingia kutoka Kiswahili lazima lipewe mojawapo. Sisi tunazo ngeli: blanketi, mablanketi, lakini risiti moja, risiti kumi.