Masiya Aliyepanda Punda

Kitabu cha nabii Zekaria, sura ya 9, kinatabiri mfalme mnyenyekevu atakayeingia Yerusalemu akiwa amepanda punda, na kuondoa magari na farasi wa vita. Injili ya Mathayo na ya Yohana zinayataja maneno hayo zinaposimulia jinsi Yesu alivyoingia mjini humo siku chache kabla ya kusulubiwa. Wakristo wengi wamemwona punda huyo kuwa ishara kwamba Masiya hakuja kwa upanga.

Wayahudi nao waliyajadili maneno hayo ya Zekaria. Katika Talmudi, rabi mmoja anaeleza kuwa Masiya atakuja juu ya mawingu watu wakistahili, au juu ya punda wasipostahili.

Kufikia karne ya 4, kuingia kwa Yesu Yerusalemu kulikuwa kumekwisha kuwa ibada. Egeria, mhujaji aliyefika Yerusalemu miaka ya 380, aliandika kuwa waumini walikusanyika Mlima wa Mizeituni saa saba mchana. Saa kumi na moja injili ilisomwa, kisha wote wakateremka kwa miguu pamoja na askofu, wakiimba na kushika matawi ya mitende na mizeituni. Watoto wasioweza kutembea walibebwa na wazazi.

Baadaye, katika nchi za Wajerumani, sanamu ya mbao ya Yesu juu ya punda ilivutwa kwa magurudumu katika maandamano kama hayo. Sanamu nyingi za aina hiyo ziliharibiwa wakati wa Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16. Baadhi ya zilizosalia zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho.