Mwongozo wa Fasihi

Mwongozo wa fasihi ni kitabu cha rejea kinachochambua riwaya, tamthilia au diwani iliyoteuliwa kutahiniwa shuleni. Nchini Kenya, ambako Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE) hupima fasihi, miongozo mipya hutolewa vitabu teule vinapobadilishwa, kama ilivyokuwa kwa *Kidagaa Kimemwozea*, riwaya ya Ken Walibora. Kwa kawaida miongozo hiyo huwa na muhtasari wa sura, msuko (yaani mpangilio wa matukio), maudhui, wahusika, mbinu za lugha na maswali ya marudio. Hata hivyo, haichukui nafasi ya kitabu chenyewe, kwa kuwa maswali ya dondoo, yanayomtaka mtahiniwa aeleze muktadha wa maneno yaliyonukuliwa, hudai ujuzi wa matini asilia.