Shighatini yetu, na makabati ya watu wengine

Nilikuwa kimya kwa sababu ya msuli wa UE, si mnajua tena. Sasa mitihani imeisha nina kitu cha kuwapa. Wiki mbili hizi sikukaa vimbweta kupiga soga, nilijifungia sehemu ya East Africana pale maktaba kutafuta habari za kwetu.

Kwetu ni Shighatini, Ugweno, Upare ya Kaskazini. Siku hizi tuko wilaya ya Mwanga, ila zamani Upare wote ulikuwa wilaya moja na boma lilikuwa Same. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Ndani ya East Africana kuna vitu, jamani. Kuna makaratasi ya Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya mkoloni, akaandika sana juu ya sheria za Wasukuma na Wahaya. Ni hazina, sibishi. Lakini unaposoma usisahau kwamba mtu yule alilipwa na serikali, na serikali ilitaka kujua mila ili itawale vizuri.

Kwa sisi Wapare mkombozi ni Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, mmoja wa walimu wa mwanzo wa historia hapa Mlimani. Kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare, kuanzia miaka ya 1500 hadi 1900, kilitoka 1969. Unajua alifanyaje? Alipanda milima kwenye miaka ya 1960, akakaa na wazee wa koo mbalimbali, akasikiliza. Humo ndimo utamkuta Angovi wa ukoo wa Wasuya, waliowapindua Washana, wale wafua chuma waliokuwa watawala wa Ugweno, na mwanawe Mranga aliyeupanga utawala upya. Hakuna Mzungu aliyekuwepo kuandika hayo. Yalikaa vichwani mwa watu karne kadhaa, na kama Kimambo angechelewa miaka ishirini tu, sijui tungekuwa na nini.

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa hapa hapa Mlimani walikwenda makwao kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji, wakisimamiwa na akina John Iliffe na Gilbert Gwassa. Wanafunzi! Watu wa umri wetu, bila simu ya kurekodia. Ripoti zao ziliwekwa pamoja na mpaka leo watafiti wa dunia nzima wanazitumia. Sisi likizo tunafanya nini? Haya, tuendelee.

Kuna kabati jingine, na hili liko mbali. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifungua kituo Shighatini mwaka 1900, miaka saba baada ya kuanza Kilimanjaro. Walikuwa na kamera. Picha za misheni ile leo zimo kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, pamoja na za misheni nyingine nyingi. Ukitafuta, andika "Shigatini" bila h ya pili, maana Mjerumani hakuisikia ile gh yetu. Ni bure, bando lako tu.

Nilifurahi, halafu nikakasirika kidogo. Kwenye picha za aina hii mara nyingi Mjerumani ana jina na mke wake ana jina, hata nyumba ina jina. Anayebeba mzigo, anayefundishwa, anayebatizwa, yeye anaitwa "mwanafunzi" au "mwanamke Mpare". Basi. Mtu wa California hawezi kurekebisha hilo hata awe na mashine gani. Anayeweza ni mzee wa kijijini anayeitambua sura ya ukoo wake, na wazee hao wanapungua.

Ndiyo maana nimeng'ang'ania Mbiru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iliongeza kodi Upare, juu ya kodi ya kichwa, kila mtu akadiriwe kulingana na mali yake. Ikapewa jina la mbiru, la ushuru wa jadi. Utani wa ubahili wa Wapare tunaujua wote, ila hapa si ubahili. Watu walikataa makadirio ya kukisiwa na watu wa chifu wanaochungulia zizi lako. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka Same, pale bomani, wakapiga kambi. Paulo Mashambo akiwa miongoni mwa viongozi wao. Vurugu hakuna, walikaa tu.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya majirani zetu wa Usangi. Mwaka 1946 mamia ya wanawake walimzonga ofisa wa serikali aliyefika kwa chifu wao. Wakamwambia waume zao wanazuiliwa Same, basi yeye ndiye awape ujauzito! Hebu fikiria mama wa Kipare wa enzi hizo anamwambia hivyo Bwana DC hadharani. Mwishowe kodi ile ilifutwa.

Kimambo aliandika kijitabu kizima juu ya Mbiru, kikatoka 1971. Viongozi wanatajwa. Lakini wale akina mama mia kadhaa ni akina nani? Msichana aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1946 sasa anakaribia tisini, na anaweza kuwa amemshika mama yake kanga siku ile.

Kwa hiyo likizo hii napanda na picha za Los Angeles nimeziprinti kubwa, maana wazee hawaoni kwenye kioo cha simu. Nitaanza Shighatini, halafu nivuke Usangi. Kama una bibi Kighare, Chomvu au popote kule, nitafute kabla hatujafunga. Nauli najilipia, wewe niambie tu anapenda aletewe nini, sukari au majani ya chai.