Jiwe la Mkoa, Kituo cha Mgunda Mkali

Sisi watu wa visiwani tumezoea jiwe lililozaliwa na bahari. Matumbawe yaliyojengewa majumba ya Mji Mkongwe, na chokaa iliyopakwa kutani, ni masalia ya viumbe vya majini. Bara, tangu Kilimatinde hadi Tabora, jiwe ni jingine: ni itale, mwamba uliopoa kutoka katika moto wa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni elfu mbili iliyopita. Hata hivyo, majumba yetu yana deni kwa mwamba huo. Sehemu ya mali iliyoyasimamisha, nayo ni pembe za ndovu, ilipita kando yake mabegani mwa wapagazi.

Msafara uliotoka Bagamoyo, ukishalipa hongo za Ugogo, uliingia Mgunda Mkali, nchi ya Wakimbu. Mgunda kwa Kinyamwezi ni shamba. Ukali wake ulikuwa ni kiu na vichaka vizito vya miiba, ambavyo mabaki yake yangalipo upande wa Itigi. Ndani ya pori hilo lilisimama Jiwe la Mkoa, kituo cha misafara. Mpagazi hakulizuru kwa matembezi. Kuliona kulimaanisha kwamba njia haikupotea, na kwamba Tura, lango la Unyamwezi, iko mbele.

Burton na Speke walilipita mwaka 1857 wakielekea Kazeh, yaani Tabora, waliyofika tarehe 7 Novemba. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton alilifasiri jina hilo kuwa jiwe la mviringo. Hapa pana jambo la kutafakari. Msomaji wa leo akisikia "mkoa" hufikiri mara moja ofisi ya serikali na mipaka ya utawala, akadhani jiwe hilo ni alama ya mpaka. Neno limebaki, maana imehama. Aliyeliita jiwe kwa umbo lake hakuandika kitabu. Tumelazimika kumsikia kupitia kalamu ya mgeni aliyepita siku chache tu.

Baadaye nchi hiyo ilipata mtawala ambaye jina lake nalo lilikuwa la mawe. Nyungu ya Mawe, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, aliuteka Ukimbu kwa jeshi lake la rugaruga, akaishika njia ya misafara iliyokatiza humo. Alifariki mwaka 1884, akarithiwa na mwanamke, Mtemi Mgalula. Nchi waliyoiita wageni pori tupu kumbe ilikuwa na dola, sheria na ushuru wake.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mzigo ukashuka begani. Msafiri akalala ndani ya behewa pale ambapo babu yake alihesabu hatua. Kituo kisichokuwa na reli kikakosa wa kukitaja.

Tunahifadhi majumba, na ni vyema. Lakini njia iliyoyalisha majumba hayo ilijengwa kwa majina: Tura, Rubuga, Mgunda Mkali, Jiwe la Mkoa. Itale haihitaji mlinzi, itasimama. Kinachohitaji mlinzi ni jina, na mlinzi wa jina ni kinywa kinacholitamka kikijua maana yake.