Miaka Mia Mbili ya Meza ya Vita

Tarehe 14 Oktoba 1806, huko Jena na Auerstedt, jeshi la Prusia lilivunjwa na Wafaransa kwa siku moja. Napoleon aliingia Berlin mwezi huohuo. Maofisa wa Prusia walibaki na swali zito: wangewafundishaje vijana wao kuamua vitani bila kusubiri vita vyenyewe? Mchezo wa vita wa mezani uitwao Kriegsspiel, ambao kanuni zake zilichapishwa mwaka 1824, ulizaliwa katika miaka hiyo.

Mbunifu wa kwanza alikuwa baba. Baron Georg Leopold von Reisswitz hakuwa hata mwanajeshi. Mwaka 1812 alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm III meza yenye vigae vya plasta vilivyochongwa milima, mito na barabara, vya kupangwa upya kila mchezo ulipoanza. Familia ya mfalme iliupenda mchezo huo.

Mwanawe, luteni wa mizinga, ndiye aliyeugeuza kuwa shule. Aliacha vigae akatumia ramani ya kipimo cha 1:8000, juu yake vipande vidogo vya madini ya risasi, vyekundu upande mmoja na vya buluu upande wa pili. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita. Dadu ziliamua madhara ya risasi na mizinga, na kikosi kilichopoteza watu kilipungua nguvu palepale mezani. Lakini kilichonivutia zaidi ni mwamuzi. Makamanda walimwandikia amri, naye alionyesha kwenye ramani vikosi vile tu ambavyo jicho la askari lingeviona. Kikosi kilichofichwa na kilima hakikuwekwa. Kwa hiyo kamanda aliamua akiwa gizani nusu, kama ilivyo vitani, na hilo kwangu ndilo jambo kubwa alilolibuni kijana yule.

Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, alipouona mchezo huo alisadiki kwamba ni mafunzo ya vita hasa, akaupendekeza kwa jeshi zima. Mfalme akaagiza vikosi vipewe seti zake. Luteni mwenyewe hakufaidi: alihamishiwa Torgau, na mwaka 1827 akajiua. Waliobaki waliendeleza kazi yake katika vyama vya wachezaji, na miongoni mwao alikuwamo Helmuth von Moltke, ambaye baadaye aliliongoza jeshi la Prusia kuishinda Austria mwaka 1866 na Ufaransa mwaka 1870. Ushindi huo uliwafanya wengine waige. Waingereza walichapisha kanuni zao mwaka 1872. Mwaka 1885 Meja Jacob Meckel wa jeshi la Prusia alikwenda kufundisha Japani, akaupeleka mchezo huo huko. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells aliuleta mchezo wa aina hii sebuleni kwa askari wadogo wa kuchezea, na kitabu cha Donald Featherstone cha mwaka 1962 kiliwasaidia raia wengi kuanza kupanga mezani majeshi ya zama za Napoleon.

Kuhusu uzito wa mwamuzi, Wajapani walilipa gharama. Mei 1942, katika mazoezi ya mezani kabla ya vita vya Midway, dadu zilizamisha manowari zao mbili za kubeba ndege. Admirali Ugaki, aliyekuwa mwamuzi mkuu, akaamuru hesabu ipunguzwe. Mwezi uliofuata Wamarekani walizamisha nne.

Nayaandika haya kutoka Nyankunde, Ituri, mashariki mwa Kongo, na siwezi kuitazama ramani ya mchezo ule bila kutafuta hospitali. Tarehe 5 Septemba 2002 wanamgambo waliuvamia mji huu na Kituo cha Tiba cha Kiinjili. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa, wakiwemo wagonjwa waliokuwa vitandani. Walionusurika walitembea kwa miguu kupita msituni hadi Oicha, Kivu Kaskazini. Sanduku la Reisswitz lilikuwa na askari wa miguu, farasi na mizinga. Halikuwa na kipande cha mkunga, cha mkulima wala cha mgonjwa. Kijiji kilikuwa kificho, au kikwazo njiani.

Wachezaji wa leo bado wanaandika kanuni mpya. Ningeomba iongezwe moja: kabla mwamuzi hajarusha dadu juu ya mji, amtake kamanda aandike wagonjwa wamehamishiwa wapi, kwa njia ipi, na nani anawalinda; na amri isiyo na jibu hilo irudishwe.