Nguo Iliyonunuliwa Bila Kuonwa: Historia ya Haki ya Mnunuzi katika Biashara ya Vitambaa ya Pwani ya Afrika Mashariki

Mtu anayeagiza gauni kwa simu, akalipa, kisha akapokea vazi linalofumuka mshono au kuchuja rangi katika ufuaji wa kwanza, hudhaniwa kuwa amepatwa na janga jipya lililoletwa na mtandao. Hata hivyo, swali la nani abebe hasara ya kitambaa ambacho mnunuzi hakukiona wala kukishika kabla ya kutoa fedha limewakabili watu wa pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani, na majibu waliyoyatoa makadhi, wafanyabiashara na baadaye mahakama za kikoloni yalikuwa makini kuliko mazoea ya wauzaji wengi wa leo.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kitambaa kilichotawala biashara ya Unguja kilikuwa merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na merikebu za wafanyabiashara wa mji wa Salem, hasa baada ya Sultani Sayyid Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Kiliingia bandarini kwa majora, lakini bara kilihesabiwa kwa shuka, iliyokuwa mikono minne, na kwa doti, iliyokuwa shuka mbili; na kwa kuwa mkono ulipimwa kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na watu hawalingani urefu, kipimo chenyewe kiliacha mwanya wa mabishano. Ubishi mkubwa zaidi, hata hivyo, ulihusu uimara wa kitambaa. Viwanda vingi vya Lancashire, Uingereza, vilikuwa na desturi ya kutia nyuzi wanga mwingi pamoja na udongo mweupe wa kaolini, ili kitambaa hafifu kiwe kizito na kionekane kimeshikana, na ubovu wake ulijitokeza pale tu kilipofuliwa, wanga ukatoka na kubaki wavu wa nyuzi nyembamba. Merikani ilipendwa kwa sababu haikuwa na ulaghai huo, na wanunuzi wa bara waliitambua tofauti hiyo vizuri, kiasi kwamba vitambaa vya Kiingereza vilivyotengenezwa kwa kuiga merikani havikufaulu kuchukua nafasi yake.

Ni muhimu kuelewa kwamba nguvu ya wanunuzi hao haikutokana na sheria. Aliyefungua mzigo wake Tabora au Ujiji akakuta kitambaa kibovu alikuwa mbali na aliyemuuzia Unguja kwa mwendo wa miezi, na hakuwapo kadhi wala liwali ambaye angeweza kumrejeshea fedha zake. Kinga aliyokuwa nayo ni kukikataa kitambaa hicho safari iliyofuata, na kukataa huko kulipokuwa kwa watu wengi kulimlazimisha mwagizaji wa Unguja kuchagua mali kwa uangalifu. Ndivyo viwanda vya Bombay vilivyolipata soko hili kuelekea mwisho wa karne, baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 kukatiza upatikanaji wa pamba: vilijifunza kufuma kitambaa cha aina ambayo wanunuzi wa Afrika Mashariki waliitaka. Lakini nguvu ya namna hii ni ya soko zima na huchukua miaka kufanya kazi, ilhali mtu mmoja aliyekwisha kudhulumiwa hubaki na hasara yake.

Mjini mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu huko palikuwa na makadhi. Waislamu wengi wa pwani walifuata madhehebu ya Shafii, na miongoni mwa vitabu vilivyotegemewa na makadhi wao kilikuwamo Minhaj cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria, ya madhehebu hayo, mnunuzi aliyegundua ila iliyokuwamo ndani ya mali kabla hajaipokea ana hiari ya kasoro, maana yake haki ya kuchagua kati ya kubaki na mali na kuirudisha akapewa fedha zake zote, na muuzaji aliyeijua ila hiyo anawajibika kuitaja. Haki hiyo ina masharti yanayohusu nguo moja kwa moja. Mnunuzi hana budi kurudisha mara tu anapoigundua kasoro, kwani kuendelea kuivaa huhesabiwa kuwa ameridhika. Na kama kasoro nyingine imeingia mikononi mwake, kwa mfano kitambaa kimekwisha kukatwa na fundi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kukipokea, ila anaweza kudai fidia inayolingana na upungufu wa thamani uliotokana na ile kasoro ya kwanza. Ugawaji huu wa hasara una haki ndani yake, kwa kuwa haumwachi mnunuzi mikono mitupu wala haumtwishi muuzaji mzigo usio wake.

Kuhusu mali isiyoonekana, fikihi ya Shafii ilikuwa kali zaidi, kwa maana kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo ni kwamba kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Madhehebu ya Hanafi, yaliyofuatwa na baadhi ya Waislamu wa Kihindi waliofanya biashara pwani, yaliruhusu mauzo hayo lakini yakampa mnunuzi hiari ya kuona, yaani uwezo wa kuvunja mkataba atakapoitazama mali, hata kama haina kasoro yoyote. Njia iliyobaki kwa Washafii ilikuwa salamu, ambayo ni mauzo ya kitu kilichoelezwa kwa sifa zake na kulipiwa kwanza, kisha kikaletwa baadaye. Na kwa vitambaa sifa hizo zilipaswa kutajwa kinaganaga, zikiwamo aina, urefu, upana, na unene au wembamba wake. Anayetazama matangazo ya leo, ambayo mara nyingi huwa na picha moja na bei tu, ataona jinsi yalivyo mbali na kiwango hicho.

Utawala wa Kiingereza ulileta kwanza Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kenya na Tanganyika zikatunga sheria za uuzaji wa bidhaa zilizofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kanuni ya kale ya Waingereza ilimtaka mnunuzi ajichunge mwenyewe, lakini kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kulegezwa, na vitambaa vilichangia kuilegeza. Katika kesi ya Drummond dhidi ya Van Ingen ya mwaka 1887, iliyohusu kitambaa cha sufu cha kushonea makoti, Baraza la Malodi liliamua kwamba mtengenezaji anawajibika kwa kasoro iliyofichika hata kama kitambaa kilifanana kabisa na sampuli, ilimradi ukaguzi wa kawaida wa sampuli usingeweza kuifichua. Mwaka 1935 ikafuata kesi ya Grant dhidi ya Australian Knitting Mills, ambamo daktari mmoja wa Adelaide alipata ugonjwa mbaya wa ngozi kutokana na mabaki ya kemikali za salfaiti katika nguo za ndani za sufu. Baraza la Faragha jijini London liliwawajibisha muuzaji na mtengenezaji pia, likieleza kwamba anayenunua nguo ya ndani hahitaji kumwambia muuzaji kuwa anakusudia kuivaa. Baraza hilohilo ndilo lililokuwa ngazi ya juu kabisa ya rufaa kwa makoloni ya Afrika Mashariki, hivyo uamuzi wake ulikuwa na uzito Mombasa na Dar es Salaam.

Udhaifu wa sheria hizo za uuzaji wa bidhaa ulikuwa ruhusa iliyotolewa kwa pande mbili kuyafuta masharti ya kumlinda mnunuzi kwa makubaliano. Tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi", linalochapwa kwenye stakabadhi za maduka hadi leo, linatokana na fikra hiyohiyo, nalo limewafanya wanunuzi wengi waamini kwamba hawana haki yoyote. Imani hiyo si sahihi tena. Tanzania iliweka katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 masharti ya kumlinda mlaji, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 katika ibara ya 46 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Kenya ya mwaka 2012 inaitaja waziwazi mikataba ya intaneti na kumtaka muuzaji atoe maelezo kabla ya mkataba kufungwa.

Ulaya nayo ilirudi kwenye hoja iliyofanana na ya Wahanafi, ingawa haikuichukua kutoka kwao: mwongozo wa mwaka 1997 ulimpa anayenunua kwa mbali siku 7 za kazi za kurudisha mali bila kutoa sababu, na ule wa mwaka 2011 ukaziongeza kuwa siku 14, kwa sababu mnunuzi wa namna hiyo hakupata nafasi ya kuiona mali kabla ya kuinunua.

Afrika Mashariki, pengo lililopo ni la utekelezaji. Muuzaji asiye na duka wala anwani, anayepokea fedha kwa simu na kubadili namba kesho yake, haguswi kwa urahisi na sheria yoyote, na kwa mwenye gauni la bei ndogo gharama ya kumfikisha mahakamani huzidi thamani ya gauni lenyewe. Kwa sababu hiyo desturi ya kulipa baada ya kupokea na kukagua, ambayo baadhi ya wauzaji wa mtandaoni wanaikubali, inastahili kutetewa kuliko ahadi nyingi za kwenye karatasi, kwani inamrudishia mnunuzi jicho na mkono alivyonyimwa na umbali. Pale isipowezekana, mnunuzi ahifadhi tangazo, picha na ujumbe wa malipo, aikague nguo siku anayoipokea, na akikuta kasoro asiifue, asiivae wala asiipeleke kwa fundi, bali amjulishe muuzaji papo hapo kwa maandishi.